Saa Zinazopotea: Ulemavu, Afya ya Akili na Ratiba ya Chuo Kikuu Magharibi mwa Kenya

Kibabii, kwenye barabara itokayo mjini Bungoma kuelekea Chwele, palijulikana kwa elimu kabla ya chuo kikuu kuwapo, kwa sababu ya shule ya upili ya St. Mary's na chuo cha ualimu. Mwaka 2011 kikaanzishwa hapo chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, na mnamo Novemba 2015 chuo hicho kikapewa hati ya kujitegemea. Tarehe hizi zina uzito katika mjadala wa ujumuishi. Makerere ilianza mwaka 1922, na mizizi ya Chuo Kikuu cha Nairobi inarudi miaka ya 1950. Majengo ya enzi hizo yalichorwa na watu wasiowahi kufikiri kwamba mwanafunzi anaweza kuja darasani kwa kiti cha magurudumu. Kibabii na vyuo vya rika lake vilizaliwa katika nchi iliyokuwa tayari na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003, iliyoridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu hao mwaka 2008, na yenye Katiba ya 2010 ambayo Kifungu chake cha 54 kinazitaja taasisi za elimu waziwazi. Chuo cha umri huu hakiwezi kuitetea ngazi isiyo na mteremko kandokando kuwa ni urithi wa ukoloni. Ni uamuzi wa watu waliokuwa na sheria mezani.

Hata hivyo, ngazi si kiini cha hoja yangu. Sheria ya 2003, katika kifungu cha 18, ilizitaka taasisi za elimu zizingatie mahitaji ya wanafunzi wenye ulemavu katika masharti ya kujiunga, alama za kufaulu, mtaala, mitihani, huduma saidizi, matumizi ya majengo na ratiba za masomo. Sheria mpya ya 2025 imechukua nafasi yake, lakini orodha ile inastahili kusomwa tena, hasa neno hilo la ratiba ambalo wengi tulilipita haraka. Tumeuelewa ufikivu kuwa habari ya milango, vyoo na miteremko. Ninachodai ni kwamba anachonyimwa zaidi mwanafunzi mwenye ulemavu aliyekwisha kuingia chuoni ni muda, na kwamba chuo kisichohesabu muda huo hakijaanza kazi ya ujumuishi.

Tuchukue siku moja ya masomo. Mhadhara wa saa mbili asubuhi umepangwa ghorofa ya chini. Dakika kumi kabla ya kuanza, ujumbe unaingia kwenye kikundi cha WhatsApp kwamba darasa limehamia ghorofa ya pili kwa sababu projekta ya chini haifanyi kazi. Wanafunzi wengi wanapanda. Anayetumia kiti cha magurudumu anasubiri wapatikane vijana wanne wa kumbeba, na akifika juu somo limeshika kasi. Ikiwa ujumbe huo ulitumwa kwa sauti, mwanafunzi kiziwi bado amekaa peke yake katika ukumbi wa chini. Hakuna aliyemfukuza wala kumtukana. Kila mmoja alifanya kilichomfaa kwa wakati ule, na gharama ikawaangukia watu wawili.

Mwanafunzi asiyeona yeye hupoteza saa zake usiku. Mhadhiri amempa hendauti aliyoiskani kutoka kitabu cha zamani. Kwa macho ni maandishi. Kwa programu ya kusoma skrini ni picha tupu, na programu hukaa kimya. Itambidi amtafute mwenzake amsomee, ukurasa kwa ukurasa, mwenzake huyo akiwa na nafasi. Na hapa kisingizio cha fedha ni chembamba sana. NVDA, programu iliyoanzishwa mwaka 2006 na vijana wawili wasioona wa Australia, Michael Curran na James Teh, hutolewa bure, na huja na sauti inayoweza kusoma Kiswahili pia. Kinachotakiwa ni mhadhiri atume faili la maandishi halisi, tena siku mbili kabla ya somo.

Ukalimani wa lugha ya ishara una hesabu yake. Ni kazi inayochosha akili, ndiyo maana wakalimani wazoefu hupokezana kila baada ya dakika ishirini au thelathini. Katika vyuo vyetu mhadhara wa saa tatu mfululizo ni jambo la kawaida. Chuo kinachoajiri mkalimani mmoja na kumwacha asimame saa zote tatu kimetimiza wajibu kwenye karatasi. Nusu ya pili ya somo humfikia mwanafunzi ikiwa imechujwa na uchovu wa mtu mwingine. Kuligawa somo hilo katika vipindi viwili hakuhitaji bajeti ya ziada.

Wako pia ambao ulemavu wao hauonekani, na magharibi mwa Kenya mfano wa kwanza ni selimundu, ambayo imeenea katika maeneo yenye historia ndefu ya malaria. Baridi, uchovu na kukosa maji ya kutosha huweza kuamsha maumivu makali. Mwanafunzi wa ualimu aliyekulia Bungoma, takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, anaweza kupelekwa mazoezi ya kufundisha shuleni karibu na Kitale, kwenye mita 1,900, msimu wa mvua. Anayempangia shule hajui kwamba amempangia pia kulazwa hospitalini. Akirudi, jaribio la katikati ya muhula limepita, naye hutakiwa kuthibitisha kwa barua juu ya barua kwamba alikuwa mgonjwa. Ugonjwa wenyewe ulimchukulia wiki; kuuthibitisha kunamchukulia wiki nyingine.

Hapa ndipo afya ya akili inapoingia, nami sikubali izungumzwe kama sura ya pembeni. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Hukumu hiyo ilikuwa ya lazima. Mtu aliyefikia ukingo huo anahitaji mkono wa kumshika, na kwa miaka mingi sheria ilimwonyesha seli. Vyuo vina ofisi za ushauri nasaha, na washauri wengi hufanya kazi kwa moyo. Lakini mshauri hawezi kuponya kwa saa moja ya Alhamisi kile ambacho ratiba hukizalisha kila siku: kuchelewa usikotaka, kuomba msaada mara tano kabla ya adhuhuri, na kukosa saa ya kukaa na wenzako baada ya masomo, kwa kuwa hiyo ndiyo saa ya kufidia iliyopotea. Upweke wa aina hii hupangwa ofisini, ingawa hakuna aliyekusudia kuupanga.

Wapo watakaosema wanafunzi hawa ni wachache. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu wenye ulemavu kuwa asilimia 2.2 ya Wakenya wenye umri wa miaka mitano na zaidi, ilhali Shirika la Afya Duniani linakadiria asilimia 16 ya watu wote duniani. Tofauti hiyo yatokana kwa sehemu na namna ya kuuliza, na kwa sehemu, naamini, na watu kujificha. Mwanafunzi hataji kifafa chake kwenye fomu ikiwa kukitaja hakumletei chochote ila kutazamwa. Wengine wanahofia viwango vya elimu kushuka. Lakini Baraza la Mitihani la Taifa huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu, na hakuna anayedai cheti chao kina thamani ndogo. Jirani zetu wa Uganda walikwenda mbali zaidi: Chuo Kikuu cha Kyambogo kilipoundwa mwaka 2003, taasisi ya taifa ya elimu maalumu ilikuwa mojawapo ya nguzo zilizounganishwa kukiunda, na utaalamu huo ukawa ndani ya chuo tangu siku ya kwanza.

Seneti za vyuo vikuu vya magharibi mwa Kenya zinaweza kuamua jambo moja kabla ya muhula ujao: kumbi za wanafunzi wenye ulemavu zipangwe kwanza, za wengine zifuate, na darasa lililopangwa hivyo lisihamishwe bila idhini ya msajili. Kisha kila mwisho wa muhula wanafunzi hao waulizwe wamepoteza saa ngapi, wapi, na kwa uamuzi wa nani. Majibu yao yasomwe mbele ya seneti yenyewe, nao wawepo.