Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji abebe mizigo. Leo tutazame jinsi Waingereza walivyozijaza fukwe za Bahari ya Mediterania, kisha tupande hadi Moshi, maana yaliyowapata wavuvi wa kule yanawahusu sana wanaoishi chini ya Kilimanjaro.

Zamani kusafiri kwa starehe kulikuwa jambo la matajiri. Mwaka 1841 Thomas Cook alikodi treni kutoka Leicester hadi Loughborough, akawapeleka mamia ya watu kwenye mkutano wa kupinga ulevi kwa shilingi moja kila mmoja. Mwaka 1938 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya likizo yenye malipo. Vita vilipokwisha, mfanyakazi wa kiwandani akawa na likizo na akiba kidogo. Alichokikosa ni jua. Mwaka 1950 Vladimir Raitz akampeleka kwa ndege hadi Calvi, katika kisiwa cha Corsica. Nauli, hema la kulala na chakula vyote vililipwa kwa pamoja, tena London, kabla ya safari kuanza.

Benidorm, huko Hispania, kilikuwa kijiji cha wavuvi wa jodari. Meya Pedro Zaragoza alikipangia ramani mpya mwaka 1956, maghorofa yakaota kama uyoga. Huko, na Magaluf katika kisiwa cha Mallorca, na baadaye Ayia Napa kule Saiprasi, Mwingereza alikuta bia ya kwao, chipsi za kwao na muziki mpaka alfajiri. Wenyeji walipata ajira na barabara, hilo tusilifiche. Lakini mwaka 2020 serikali ya visiwa vya Balearic ilibidi itunge sheria ya kuzuia ulevi wa watalii, na mwaka 2024 maelfu ya watu waliandamana mjini Palma, wakilia kwamba nyumba zimewashinda bei katika mji wao wenyewe. Na kampuni yenye jina la Thomas Cook ilipofilisika mwaka 2019, wenye hoteli wa Hispania na Ugiriki walibaki wakidai. Wageni walikuwa wamekwisha kulala. Fedha zilikuwa kwingine.

Sasa turudi nyumbani. Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo. Vitabu vikaandika majina mawili. Lakini Mwini Amani wa Pangani ndiye aliyewapikia katika kambi ya juu, na Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu anakumbukwa kama kijana aliyewaonyesha njia.

Hata hivyo, kwa miaka mingi riziki ya Mchaga ilikuwa kahawa wala si mlima. Ndiyo iliyozaa KNCU mwaka 1933, ikajenga shule na kusomesha watoto. Utalii ulikuja polepole. Uwanja wa KIA ulifunguliwa mwaka 1971; Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilitangazwa mwaka 1973, ikafunguliwa kwa wageni mwaka 1977. Mwaka huo huo mpaka wetu na Kenya ukafungwa, hata mwaka 1983, na mtalii aliyezoea kushukia Nairobi akabaki upande wa pili, kwenye hoteli za ufukweni za Mombasa na Malindi. Kisha mwaka 1989 mkataba wa kimataifa wa kahawa ulivunjika. Bei ikaporomoka. Vijana wengi wakaiacha mibuni ya baba zao, wakatwaa mzigo.

Hapo ndipo tulipokutana na uvumbuzi wa Raitz. Mtalii wa leo mara nyingi hulipia safari nzima huko huko Ulaya. Wakala wa kule anakata chake, kampuni ya huku inakata chake, na mwisho wa foleni yumo mpagazi, kilo 20 kichwani. Tangu mwaka 2003 upo mradi mjini Moshi unaowaazima wapagazi makoti na viatu vya baridi. Ni kazi njema. Lakini tafakari, ndugu yangu: mtoto wa mlimani anaazimwa koti ili aupande mlima wake!

Tofauti kubwa iko hapa. Jua linapatikana Hispania, Ugiriki na hata Uturuki. Mteja akiudhika hapa huenda kule. Kilimanjaro ni mmoja tu. Mwenye bidhaa asiye na mshindani hana sababu ya kuuza jasho la watoto wake kwa bei ya kutupa. Basi mizigo ipimwe getini bila kupepesa macho. Ujira ulipwe mkononi kwa mpagazi mwenyewe, wala usiachiwe bakshishi ifanye kazi ya mshahara. Nyanya na viazi vya safari vinunuliwe kwa akina mama wa sokoni, na kahawa ya mgeni itoke Uru au Machame, isitoke kwenye kopo la nchi nyingine.

Wavuvi wa Mediterania walichelewa kuuliza fedha za mgeni zinalala wapi. Sisi tuulize mapema. Mgeni na aje, tena karibu sana. Ila akishaondoka, mwenyeji naye aonekane kweli amepona.