Uhai Baada ya Kosa: Ukuaji wa Mhusika wa Kike katika Nathari ya Kiswahili, 1952–1980

Katika historia ya nathari ya Kiswahili, mhusika wa kike alichelewa kupewa haki ya kubadilika. Katika ngano na hadithi za kimaadili, tabia hutangulia tukio: mwema huingia akiwa mwema, na mwovu akiwa mwovu. Shaaban Robert aliurithi utaratibu huo katika Adili na Nduguze (1952), ambamo majina kama Hasidi na Mwivu hutangaza tabia kabla ya matendo. Hata hivyo, ni yeye aliyefungua mlango mwingine. Wasifu wa Siti Binti Saad, uliochapishwa mwaka 1958, unamfuata muuza vyungu wa shamba hadi mjini Unguja, na hatimaye hadi Bombay, alikorekodi nyimbo zake mwaka 1928. Siti wa mwisho si Siti wa mwanzo, na chanzo kikubwa cha mabadiliko hayo ni juhudi yake mwenyewe. Lakini huo ni wasifu: mwandishi aliyakuta mabadiliko hayo katika historia, hakuyabuni.

Riwaya ilipiga hatua hiyo mwaka 1971, Euphrase Kezilahabi alipochapisha Rosa Mistika. Rosa hazaliwi mpotovu. Zakaria, baba yake, anampiga kwa sababu ya barua ya Charles; woga unaotokana na kipigo hicho unamfuata shuleni, na anapopata uhuru hana maarifa ya kuutumia. Kila badiliko lina sababu yake. Ndiyo maana riwaya iliwatia watu wasiwasi, hata ikapigwa marufuku shuleni nchini Tanzania: haikumruhusu msomaji kumhukumu binti bila kumhukumu mzazi. Hata hivyo, Charles anapomkataa kwa kuwa si bikira, Rosa anajiua. Saikolojia ni mpya, ilhali hatima yake ni ileile ya hadithi ya maonyo.

Tofauti inajitokeza katika Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed. Maimuna naye ni binti aliyefungiwa ndani na baba mkali, Maksuudi, naye pia anaanguka akishatoka nje ya kuta hizo. Chanzo kinafanana, mwisho hautofautiani kwa bahati tu. Maimuna anabaki hai, anayatazama upya maisha yake na kuyaanza tena. Anguko lake linakuwa sehemu ya msuko, si hitimisho lake.

Kwa hiyo, kipimo cha ukuaji wa mhusika wa kike hakiwezi kuwa wingi wa mabadiliko yake pekee, wala wema wake. Rosa anabadilika sana, lakini hapewi muda wa kujifunza kutokana na mabadiliko hayo. Swali lenye uzito zaidi ni iwapo matini inamruhusu mwanamke kukosea na kuendelea kuishi, kama ilivyowaruhusu wahusika wa kiume tangu zamani: Hasidi na Mwivu walimtendea ndugu yao uovu mkubwa, nao hawakunyimwa nafasi ya kutubu.