Elgon View, Kumbukumbu za Wagonjwa na Mabadiliko ya Sheli ya 2006

Elgon View, mtaa wa makazi wa Eldoret ambako Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani kimekuwa na nyumba za wahadhiri na wageni wake wanaoshirikiana na Chuo Kikuu cha Moi, hautajwi mara nyingi katika historia ya programu za kompyuta, ingawa unastahili. Februari 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, kusini mwa mji huo, kilianza kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta, kikitumia mfumo uliojengwa juu ya Microsoft Access. Mwaka huohuo ulianza mpango wa AMPATH wa kutibu VVU, na idadi ya wagonjwa wake ilipopanda, hifadhidata hiyo iliyofaa ofisi ndogo ilielemewa. Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief, inayoshirikiana na Chuo Kikuu cha Indiana, walifika Eldoret mwaka 2004, wakaona kwamba kuitia viraka hakungetosha, na kutokana na safari hiyo ikazaliwa OpenMRS, programu huria iliyoandikwa kwa lugha ya Java na kuhifadhi data katika MySQL, ambayo ilianza kazi Eldoret Februari 2006.

Katika kuhamia OpenMRS jambo la busara kuliko yote lilikuwa lile lisilobadilishwa. Waganga waliendelea kujaza fomu za karatasi, makarani wakaendelea kuziingiza kwenye kompyuta, na kwa hiyo hitilafu ilipotokea, palikuwa na sehemu chache za kuitafuta.

Oktoba 2006, miezi minane baadaye, mfumo endeshi wa Ubuntu, katika toleo lake la 6.10, ulileta badiliko lililowagusa wasimamizi wa seva kila mahali, nalo lilihusu sheli, yaani programu inayosoma amri na kuzikabidhi kwa kiini cha mfumo endeshi. Sheli ya Stephen Bourne ilitoka mwaka 1979 pamoja na toleo la saba la Unix. Miaka kumi baadaye Brian Fox aliandika Bash kwa ajili ya mradi wa GNU, akiongeza uwezo mwingi ambao sheli ya awali haikuwa nao, na Kenneth Almquist akaandika sheli ndogo zaidi, ambayo Herbert Xu aliihamishia Debian, mfumo endeshi ambao Ubuntu imejengwa juu yake, mwaka 1997 na ambayo baadaye iliitwa dash. Kwa muda mrefu jina /bin/sh, linaloitwa na skripti za mfumo, lilielekezwa kwa Bash. Ubuntu ikalielekeza kwa dash ili mashine iwake haraka na itumie kumbukumbu kidogo, huku sheli anayokutana nayo mtumiaji anapoingia ikibaki Bash.

Hapo ndipo matatizo yalipojitokeza, kwa sababu watu wengi walikuwa wameandika skripti zinazodai /bin/sh katika mstari wa kwanza, mstari unaotaja sheli ya kuzisoma, kisha wakatumia safu, mabano ya mraba maradufu au amri ya source, ambavyo Bash huvielewa na dash huvikataa. Skripti ya namna hiyo inayonakili hifadhidata usiku inaweza kukwama bila mtu kugundua hadi siku nakala itakapohitajika, na hiyo ni hatari ya kweli kwa hospitali. Ndiyo maana, mfumo unapohamishiwa seva mpya, sheli inafaa kubadilishwa kwanza kwenye seva ya zamani, wakati data bado iko mahali pake, na skripti zipimwe hapo kwa chombo kama checkbashisms, kinachotafuta mambo ya Bash ndani ya skripti. Anayebadilisha sheli na mashine kwa pamoja hawezi kujua ni ipi kati ya hizo mbili iliyovunja kazi. Debian yenyewe haikufanya badiliko hilo hadi Februari 2011, katika toleo lake la sita.

Septemba 2014 Stéphane Chazelas aligundua kasoro ya Bash iliyokuja kuitwa Shellshock, iliyokuwamo tangu 1989, ambayo ilimruhusu mshambuliaji kupenyeza amri ndani ya vigeu vya mazingira, yaani maelezo ambayo programu hurithishana zinapoitana. Pale ambapo /bin/sh ilikuwa dash njia nyingi za shambulio hilo zilikuwa zimezibwa tayari, lakini skripti zilizotaja Bash waziwazi, zile ambazo badiliko la 2006 halikuzigusa hata kidogo, ziliendelea kuwa wazi hadi Bash yenyewe iliporekebishwa.