Kibanda umiza: historia inayooza kwenye maboksi

Umewahi kulipa kiingilio, ukabanwa kwenye benchi la mbao huku goti la mtu likikuchoma mgongoni, ukaangalia picha ya Kichina inayoongea Kiswahili? Kama umekulia Katoro, Nyarugusu au kwenye machimbo mengine ya Geita, kibanda umiza sina haja ya kukueleza. Ninachotaka kukueleza ni kwamba kile kibanda kina historia yake.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1935, Waingereza wawili, Notcutt na Latham, walianzisha kituo cha filamu Vugiri, karibu na Korogwe, kwa fedha za Carnegie Corporation ya Marekani. Mradi uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment na uliisha 1937. Filamu zao zilihusu kilimo, safura, kodi na kuweka akiba posta. Sauti ilikuwa kwenye santuri, ikipigwa pembeni wakati picha inaenda. Gari lenye jenereta likazunguka nazo Afrika Mashariki. Hapo ona kitu kimoja: aliyeleta picha ndiye aliyeleta na maelezo. Kazi ya mtazamaji ilikuwa kusikiliza tu.

Kibanda umiza kiligeuza huo mpango. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, kwa hiyo wengi walianza na deki na kanda za VHS kabla ya kuona taarifa ya habari kwenye luninga. Halafu wakaja watafsiri. Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, alikuwa anapunguza sauti ya filamu, anaongea nafasi ya waigizaji wote na kuchomekea utani wake. Yaani safari hii maelezo yalitoka kwa mtu wa huku huku, si kwa aliyetengeneza picha.

Vitabu vya sanaa ya video mara nyingi huanza na Nam June Paik, aliyeonyesha televisheni alizozichokonoa huko Wuppertal, Ujerumani, mwaka 1963. Sawa. Lakini kuichokonoa picha ya mwenzako mbele ya watu, ikatoka na maana nyingine, si ndicho alichokuwa anafanya mtafsiri wetu? Tofauti ni kwamba onyesho la Wuppertal liliandikwa. La kwetu halikuandikwa kiasi hicho.

Na muda hauko upande wetu. Kanda ya VHS ni utepe wa plastiki uliopakwa chembe za sumaku. Joto, unyevu na vumbi vinaila taratibu, na sauti ya mtafsiri inaondoka nayo. Mwaka jana nilimfuata mzee mmoja aliyewahi kuwa na kibanda. Kanda zake, akaniambia, alizichoma pamoja na takataka.

Basi nakuomba kitu kimoja. Ukienda nyumbani likizo, mtafute mjomba aliyekuwa na deki. Washa simu, rekodi. Muulize kiingilio kilikuwa shilingi ngapi, jenereta lilikuwa la nani, nani alitafsiri, na kama kina dada nao waliingia. Hayo majibu hayapo maktaba yoyote. Yapo kwake.