Guangzhou: usafiri na mawasiliano ya mgeni

Guangzhou, mji mkuu wa jimbo la Guangdong kusini mwa China, umezoea wageni wa biashara. Maonyesho ya Canton yamefanyika huko tangu 1957, na siku hizi hufunguliwa mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba. Wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh wanaofuata mzigo huko hufikia zaidi mitaa ya Xiaobei na Sanyuanli, ambako Waafrika wengi wamefanya biashara tangu miaka ya 1990.

Mgeni mpya hubabaishwa na simu mapema kuliko lugha. WhatsApp, Facebook na huduma za Google zimefungiwa kwenye mtandao wa China. Facebook ilifungwa 2009, WhatsApp 2017. Duka la programu la Google nalo halifunguki, kwa hiyo mwenye simu ya Android apakue anachohitaji kabla hajapanda ndege: WeChat, Alipay, ramani na programu ya kutafsiri inayofanya kazi bila intaneti. Jambo hili linaonekana dogo, lakini asiyelifanya hufika uwanja wa ndege wa Baiyun akashindwa hata kuwajulisha wa nyumbani kwamba ametua salama.

Njia moja ya kukwepa kizuizi hicho ni halali na haijulikani vya kutosha. Laini ya nyumbani iliyowashwa huduma ya nje ya nchi hupitisha data zake kwenye mtandao wa kampuni iliyoitoa, ndiyo maana WhatsApp hufunguka. Gharama yake huweza kuwa kubwa, hivyo bei ya bando iulizwe mapema. Laini ya China ni nafuu kwa anayekaa muda mrefu, lakini husajiliwa kwa pasipoti, na tangu Desemba 2019 mnunuzi hupigwa pia picha ya uso ya kumtambua. Kwa kuwa laini hiyo haifungui WhatsApp, jamaa wa nyumbani nao hulazimika kuwa na WeChat.

Malipo yako humohumo kwenye simu. Kuanzia duka la vitambaa hadi muuza matunda, mteja huskani msimbo wa QR. Kwa miaka mingi mgeni asiye na akaunti ya benki ya China aliachwa nje ya utaratibu huu. 2023 Alipay na WeChat zilirahisisha mambo kwa kupokea kadi za kimataifa kama Visa na Mastercard. Noti za yuan bado ni halali, ila dereva wa teksi huenda asiwe na chenji.

Mjini, treni za chini ya ardhi ndizo mkombozi. Zilianza 1997, majina ya vituo yameandikwa pia kwa herufi za Kilatini, na nauli huanzia yuan 2. Mizigo hukaguliwa kwa mashine katika kila kituo. Njia ya 3 hufika uwanja wa ndege, ya 2 hupita Sanyuanli, ya 5 Xiaobei. Kwa teksi, kadi ya hoteli yenye anwani ya Kichina inashinda maelezo yoyote ya mdomo. Ramani za Google si za kutegemea: sheria ya China inataka ramani zitumie vipimo vilivyosogezwa makusudi, na alama huweza kuonyesha mahali mamia ya mita kando. Wenyeji hutumia Gaode na Baidu.

Polisi lazima waarifiwe anapolala mgeni ndani ya saa 24. Hoteli hufanya hivyo yenyewe; kwa anayefikia kwa rafiki, ni yeye au mwenyeji wake anayetoa taarifa.

Kutoka kituo cha Guangzhou Kusini, treni ya kasi hufika Hong Kong kwa takriban saa moja, na huko WhatsApp hufunguka bila shida. Lakini Hong Kong ina uhamiaji wake: mwenye viza ya China ya kuingia mara moja akishavuka, viza hiyo haimrudishi tena Guangzhou kuchukua mzigo wake.