Meno ya Mbwa na Paka: Utunzaji Wake na Maradhi Yake

Meno ya mbwa na paka ni ala za wanyama walao nyama, yaliyoumbwa kwa kushika, kuchana na kukata, wala si kwa kusaga kama magego ya ng'ombe. Mbwa mzima ana meno 42 na mtoto wake 28. Paka mzima ana 30 na mtoto wake 26. Meno ya utotoni huanza kuchomoza yapata wiki ya tatu, na mnyama atimizapo miezi sita au saba aghalabu huwa amekwisha kuyabadili yote, pasina mwenyewe kuona hata moja, kwa kuwa mengi humezwa pamoja na chakula. Nyuma ya chonge nne yamepangwa magego, ambayo makubwa yake ni mawili ya kila upande, la juu na la chini, yapitanayo kama makali ya mkasi. Na hilo la juu ndilo lenye visa vingi kuliko meno yote, kama itakavyoonekana.

Wengi hudhani kuwa jino la mnyama huharibika kwa kutoboka, kama lilivyo la mtoto apendaye peremende. Sivyo. Meno yao yamechongoka, na mate ya mbwa hayana ukali wa asidi, hata matundu ya aina hiyo ni nadra kwa mbwa, na kwa paka ni kama hayapo. Walakini mate yayo hayo, kwa kuwa yanabeba madini mengi, huleta dhara nyingine, nayo ni maradhi ya ufizi, yahesabiwayo miongoni mwa maradhi yaliyoenea zaidi kwa wanyama hawa. Mbwa na paka wengi waliokwisha kutimiza miaka mitatu huwa tayari wana dalili zake.

Mwanzo wake ni ukoga, yaani utando laini wa vijidudu unaoanza kujijenga juu ya jino saa chache tu baada ya kusafishwa. Usipofutwa, kwa muda wa siku mbili au tatu madini ya mate huugandisha ukawa ugaga mgumu, wa manjano au wa kahawia, ambao kwa ukwaruvu wake huwa makao mema ya ukoga mwingine. Ugaga hujaa zaidi upande wa nje wa lile gego kubwa la juu, maana hapo ndipo mfereji wa mate unapomwagikia. Lakini mwenye mnyama asidanganyike na rangi: ugaga uonekanao ni uchafu wa kuchukiza tu, ilhali uharibifu wenyewe hufanywa na ukoga uliojificha chini ya ufizi, mahali ambapo jicho halifiki. Kwanza ufizi huwa mwekundu, ukavimba, ukatoka damu kwa kuguswa. Na maadamu maradhi hayajapita hapo, ufizi huweza kurejea katika hali yake njema. Yakipita hapo, kati ya jino na ufizi hufanyika mfuko wenye usaha, mfupa ushikao mzizi huliwa kidogo kidogo, na mfupa huo ukishaondoka haurudi.

Matokeo yake mara nyingine hutokea mbali na jino, hata mtu asiyatambue. Mzizi wa gego kubwa la juu ukioza, uvimbe huchomoza chini ya jicho, na mwenyewe akadhani mbwa ameumwa na nyigu. Chonge ya juu imetengwa na pua kwa ukuta mwembamba wa mfupa. Ukuta huo ukitoboka, mnyama hupiga chafya daima na kutokwa na kamasi upande mmoja. Kwa mbwa wadogo mno, taya lililoliwa na maradhi huweza kuvunjika kwa jambo dogo, hata kwa kutafuna. Ama habari ya moyo, maini na figo, yamkini zimetiwa chumvi: imeonekana kuwa wanyama wenye ufizi mbovu huonekana na kasoro za viungo hivyo mara nyingi zaidi, lakini kwamba hili ndilo lililozaa lile ni jambo lisilothibitishwa bado.

Si mbwa wote walio sawa katika balaa hili. Mbwa wa jamii ndogo, na wale wenye pua fupi, wamesongamana meno katika taya lisilotosha, na pengine chonge ya utotoni hubaki imesimama kando ya ile ya ukubwani. Hiyo ya utotoni haina budi kung'olewa mapema. Mbwa koko wa mitaani kwetu, mwenye taya refu, husalimika na msongamano huo, ila yeye naye huvunja meno kwa mawe na mifupa.

Paka ana misiba yake ya pekee. Mmoja ni kuyayuka kwa jino, ambapo mwili wenyewe huanza kulila jino penye shingo yake, karibu na ufizi. Sababu yake haijabainika, mswaki hauuzuii, na tiba yake ni kung'oa. Wa pili ni uvimbe mkali wa kinywa kizima, ambao mara nyingi hukutwa pamoja na virusi vya mafua ya paka, na wengi hupata nafuu baada ya kung'olewa magego yote. Paka wa namna hii huja mbio chakulani kwa njaa, akanusa, akakoroma, akakimbia. Tena huacha kujilamba hata manyoya yakafungamana. Lakini wengi zaidi, paka na mbwa, huendelea kula huku wanaumia, na neno “mbona anakula vizuri” limechelewesha tiba nyingi.

Kinga iliyo bora ni mswaki wa kila siku. Mnyama azoeshwe tangu udogoni: siku za mwanzo aguswe midomo tu, kisha meno kwa kidole kilichofungwa kitambaa, kisha mswaki laini wa mtoto, ulazwe mshazari penye mpaka wa jino na ufizi. Upande wa nje watosha, kwani wa ndani husuguliwa na ulimi. Dawa ya meno ya watu isitumiwe, kwa kuwa mnyama hajui kutema, na baadhi yake zina zailitoli, sukari ishushayo ghafla sukari ya damu ya mbwa na kumharibu maini. Viko pia vitafunwa maalumu, na Marekani kuna baraza, Veterinary Oral Health Council, lililoanzishwa mwaka 1997, litoalo muhuri kwa vile vilivyothibitika kupunguza ukoga au ugaga. Mfupa mgumu na pembe, ingawa wazee wengi huvisifu, mimi sivisifu: ndivyo vipasuavyo gego kubwa la juu. Kitu kisichobonyea kwa ukucha kisipewe mbwa akitafune.

Kwa wenyeji wa pwani wafuatao madhehebu ya Imamu Shafi, mate ya mbwa ni najisi, na chombo kilichorambwa huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Hukumu hiyo haimgusi paka. Mwenye kuishika aweza kuvaa glavu na kuuweka mswaki wa mbwa mbali na vyombo vya nyumbani. Lakini liko la kuhofiwa na watu wote: mbwa adondokwaye na mate, aliyelegea taya na kubadilika sauti, asifunguliwe kinywa kwa kudhaniwa amekwamwa na mfupa, kwani huenda ana kichaa. Aliyepatwa na mate hayo penye kidonda aoshe kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Ugaga uliokwisha kuganda hautoki kwa mswaki. Tabibu wa wanyama humlaza mnyama kwa nusukaputi, akamtia mpira katika koo la pumzi maji yasiingie mapafuni, akapiga picha za mizizi, akakwangua juu na chini ya ufizi, akasugua meno yalainike. Kumkwangua akiwa macho ni kupendezesha sehemu ionekanayo na kuuacha ugonjwa. Jino lililopoteza mfupa wake hung'olewa, wala lisionewe huruma: mbwa na paka wasio na meno hula vyema kuliko wenye meno yaumayo. Baada ya hapo hupewa chakula laini pamoja na dawa ya maumivu aliyoandika tabibu, kamwe si ya sandukuni mwa nyumba, maana parasetamoli humuua paka hata kwa kidonge kimoja.