Huyu Mzee Alisoma Mpaka Ukurasa wa Mwisho

Mwaka jana niliweka video kuhusu ripoti moja ya serikali. Nilikuwa nimewaka, sauti iko juu, mikono inarushwa huku na huku. Watu wakaitazama kuliko kitu chochote nilichowahi kutengeneza. Halafu mtu mmoja akaandika hapo chini maneno matatu tu: "Umesoma hiyo ripoti?"

Wasee, sikuwa nimeisoma. Nilikuwa nimeona picha ya ukurasa mmoja kwa grupu ya WhatsApp, basi. Nilipoitafuta ripoti yenyewe nikapata ule ukurasa ulikuwa unaongea kuhusu kaunti nyingine, mwaka mwingine. Nikafuta ile video usiku, kimya kimya, kama mtu anayetoka kwa harusi ya watu bila kuaga.

Ndiyo maana leo nataka niwape stori ya mzee mmoja wa Marekani anayeitwa I. F. Stone. Marafiki zake walimwita Izzy. Kama uko kwa hii biashara ya kuongea siasa mtandaoni na hujawahi kumsikia, kaa chini kidogo.

Stone alizaliwa Philadelphia mwaka 1907, jina lake la kwanza likiwa Isidor Feinstein. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohama kutoka Urusi, na walikuwa na duka katika mji mdogo wa Haddonfield, New Jersey. Akiwa na miaka 14 akaanzisha gazeti lake mwenyewe. Likatoka mara tatu, kisha baba yake akalifunga kwa sababu masomo yalikuwa yanaenda chini. Mnajua hiyo hadithi, sivyo? Shule ya upili alimaliza nambari 49 kati ya wanafunzi 52. Akaingia Chuo Kikuu cha Pennsylvania kusoma falsafa, na mwaka 1927 akaacha ili afanye kazi ya gazeti.

Mimi pia niliacha chuo, kwa hivyo hapo alinishika. Lakini msinielewe vibaya, sisemi kuacha chuo ni ujanja. Mathe bado ananiuliza nitarudi lini, na sina jibu. Ninachosema ni kwamba Stone aliacha darasa, hakuacha kusoma. Hizo ni habari mbili tofauti, na mimi nilichelewa sana kuzitofautisha.

Kwa miaka mingi aliandikia magazeti ya watu: New York Post, jarida la The Nation, na mengine ya mrengo wa kushoto ambayo yalikufa moja baada ya jingine. Mwaka 1941 alimpeleka mgeni wake kula chakula cha mchana kwa klabu ya waandishi wa habari Washington. Mgeni alikuwa William Hastie, mtu mweusi aliyewahi kuwa jaji. Klabu ikakataa kuwahudumia. Stone akajiuzulu uanachama, akaondoka.

Novemba 1952 gazeti la mwisho lililomwajiri, Daily Compass, likafungwa. Cheki hali yake sasa. Yuko karibu miaka 45, ana mke na watoto watatu, na Marekani yote imeshikwa na homa ya Seneta Joseph McCarthy ya kuwinda wakomunisti. Mtu wa maoni kama yake hakuna aliyetaka kumwajiri.

Akachukua pesa alizolipwa gazeti lilipofungwa, akaongeza mkopo wa rafiki, na Januari 1953 akaanzisha kijarida chake: I. F. Stone's Weekly. Kurasa 4. Hakuna matangazo. Dola 5 kwa mwaka, kinakuja kwa posta. Mke wake, Esther, ndiye alikuwa ofisi nzima: orodha ya wasomaji, hesabu, barua. Walianza na wasomaji 5,300 hivi, Albert Einstein akiwa mmoja wao. Haba na haba hujaza kibaba: alipofunga mwaka 1971 walikuwa kama 70,000.

Sasa swali ni hili. Mtu ambaye waziri hapokei simu yake, ambaye hana rafiki ikulu, na ambaye masikio yake yalikuwa na shida hata akikaa kwa mkutano hasikii vizuri, alipata habari wapi?

Alisoma, tu. Alisoma kumbukumbu za Bunge, ushahidi uliotolewa mbele ya kamati, ripoti za idara, mpaka zile jedwali za mwisho ambazo wengine walikuwa wanaruka. Aligundua kwamba serikali ni kubwa mno kuweza kudanganya kwa mpangilio. Idara hii ikificha jambo, idara nyingine inalichapisha bila kujua. Kazi yake ilikuwa kuziweka hizo karatasi mbili kando kwa kando, ndani ya kisanduku kwa kijarida chake, uone mwenyewe.

Mfano ninaoupenda ni wa Septemba 1957. Marekani ililipua bomu la nyuklia chini ya ardhi huko Nevada. Wakati huo kulikuwa na mjadala mkubwa: je, Marekani na Muungano wa Sovieti wakikubaliana kuacha majaribio, mtu akilipua kisirisiri chini ya ardhi atajulikana? Stone aliona kwa New York Times habari ndogo ndogo kwamba mtikisiko ulinaswa na vyombo vya Toronto, Roma na Tokyo. Hakuwa na uhakika zina maana gani. Akaweka lile gazeti nyumbani.

Miezi kadhaa baadaye, mwaka 1958, Tume ya Nishati ya Atomiki ikatoa ripoti: ule mlipuko haukunaswa zaidi ya maili 200 kutoka pale. Yaani, mapatano hayawezi kusimamiwa. Stone akakumbuka gazeti lake. Akatafuta wataalamu wa mitetemeko wa serikali yenyewe, waliokuwa chini ya idara nyingine kabisa, akawauliza. Wakamwambia ulinaswa hadi Fairbanks, Alaska, maili 2,600 kutoka pale. Hizo ni zaidi ya kilomita 4,000. Tume ikalazimika kurekebisha ripoti, ikasema ni makosa ya bahati mbaya.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini lazima kuwe na mtu wa kuipima.

Akafanya hivyo tena wakati wa Vietnam. Mwaka 1965 serikali ilitoa waraka kuonyesha kwamba vita vya kusini vinaendeshwa kwa silaha kutoka nje, za wakomunisti. Stone akaenda moja kwa moja kwa kiambatisho cha nyuma, akahesabu: silaha 179. Akalinganisha na takwimu za Pentagon za silaha zilizonaswa, akapata hizo 179 hazifiki hata asilimia 2.5. Vitabu vilikuwa vyao. Hesabu ilikuwa yao. Yeye alijumlisha tu.

Lakini kuna upande mwingine, na nikiuficha nitakuwa sijajifunza chochote. Mwaka 1952 Stone alitoa kitabu kuhusu vita vya Korea akishuku kwamba upande wa Kusini na Wamarekani ndio waliovichochea. Baadaye kumbukumbu za Moscow zilipofunguliwa, zikaonyesha kwamba Kim Il-sung aliomba ruhusa ya kushambulia na Stalin akaitoa. Pia Stone alichukua muda mrefu sana kuona ubaya wa utawala wa Kisovieti. Alienda huko mwaka 1956, akarudi akaandika waziwazi kwamba ile si jamii nzuri, na mamia ya wasomaji wakamhama. Kwa hivyo hata mtu wa kusoma hivyo alikuwa na mahali ambapo moyo ulitangulia macho. Tofauti ni kwamba aliandika alichokiona hata kilipomgharimu wateja.

Uzeeni alijifunza Kigiriki cha kale ili asome kesi ya Socrates kwa lugha yake, na mwaka 1988 akatoa kitabu kuhusu hiyo kesi. Chuo alichoacha kilimpa digrii yake mwaka 1975. Alifariki mwaka 1989.

Sisi hapa tuliionja hiyo nguvu Juni 2024, vijana walipokaa na Mswada wa Fedha wakausoma kifungu kwa kifungu na kuueleza kwa lugha za nyumbani. Kelele zilikuwepo, lakini kilichoshtua wakubwa ni kwamba watu walikuwa wamesoma. Hansard iko, Gazeti Rasmi liko, ripoti za Mkaguzi Mkuu ziko. Bando ya kutazama video zangu inatosha kuzipakua.

Na ile video yangu? Hiyo Tume ya Atomiki angalau ilirekebisha hadharani, hata kama ilisukumwa. Mimi nilifuta usiku. Basi nasema leo mchana: nilikosea, ule ukurasa haukuwa wa kaunti niliyoitaja, na wote mlioisambaza niliwadanganya. Ripoti yenyewe nimeimaliza juzi, pamoja na viambatisho. Ina mambo mabaya ya kweli, tena ya kaunti ile ile. Nitayaleta wiki ijayo, na nambari za kurasa.